Matundu ya Chini

Nyamizi ndiye aliyenipigia simu. Sauti yake, kwa asiyemzoea, ni kama ya mtu aliyetoka kulia sasa hivi: imekwaruzika, hukatika katikati ya neno kisha ikarudi. Mimi nimeizoea kwa zaidi ya miaka arobaini, kwa hiyo asubuhi ile sikutambua upesi kwamba safari hii alikuwa analia kweli. "Kabula," aliniambia, "Fundi Idrisa ametutoka. Wamemzika jana baada ya alasiri." Nilikuwa uani kwangu hapa Choma napepeta mpunga, niliweka ungo chini nikakaa palepale juu ya kizingiti. Tulikubaliana twende Tabora kwenye arobaini, yeye atokee Ziba na mimi Choma, tukutane stendi ya Igunga tupande basi moja. Kabla hajakata simu akasema, "Yule mzee ndiye aliyenirudishia roho yangu, shoga. Na chuo kikamfukuza kama mwizi. Kwa nini walimfanyia vile, sitaelewa mpaka naingia kaburini." Nilimjibu, "Ndiyo, shoga," na simu ikakatika. Nilibaki pale kizingitini mpaka kuku wakaumaliza mpunga wa kwenye ungo. Yeye hakuelewa kwa sababu mimi sikuwahi kumweleza.

Sitasimulia nyumba niliyozaliwa wala ukoo wetu. Mwaka ninaotaka kuusema ni mmoja, ule wetu wa kwanza chuoni Tabora, na katika chuo kile, jengo moja. Jengo la Sayansi lilikuwa kitu cha kwanza kunitisha maishani bila kunifanyia lolote. Nilizoea nyumba zilizoinama chini ya nyasi au mabati yao. Hili lilisimama uwanjani peke yake, ghorofa tatu za zege tupu, bila lipu, bila rangi, juu ya nguzo nene ambazo ungeweza kupita katikati yake kutoka upande mmoja hadi wa pili bila kufungua mlango. Halikuwa na nakshi hata moja. Madirisha ya kusini na kaskazini yalikingwa kwa vibao vipana vya zege vilivyosimama wima, vimepangwa hivi kwamba mwanga uliingia lakini jua lenyewe likabaki nje. Upande wa magharibi, ambako jua la saa tisa hupiga bila huruma, ukuta ulikuwa mzima kabisa. Juu ya paa kulikuwa na paa la pili, na katikati ya hayo mawili upepo ulipita. Upande wa mashariki ndio uliotuchekesha: ukuta wote, tangu sakafuni hadi darini, ulikuwa wa matofali ya matundu, na kwa sababu hiyo wanafunzi wa mwaka wa pili walitufundisha jina lake, Chekeche. Nyamizi alilitazama siku ya kwanza, mkono kiunoni, sanduku lake la bati miguuni, akasema, "Hawa waliishiwa rangi, na matofali mazima yakawaishia pia."

Tulipangiwa chumba kimoja bwenini, yeye na mimi, wasichana wawili wa Igunga ambao hawakuwahi kuonana. Alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye kicheko kilichotangulia kuingia mlangoni kabla yake. Katika kemia hakuwa na mpinzani. Mimi nilikariri, yeye alielewa, na tofauti hiyo niliijua mapema nikaificha moyoni kama mtu anavyoficha kidonda chini ya kanga. Asubuhi alinisalimu "Mwangaluka", salamu ya kwetu, kwa sauti ya bibi kizee ili nicheke, kisha tukaenda maabara pamoja, ghorofa ya kwanza, ambako Fundi Idrisa alikuwa ameshafika tangu alfajiri na kupanga chupa zake.

Fundi Idrisa alikuwa mtunza maabara. Hakuwa mwalimu, na walimu hawakumwacha asahau hilo, lakini kitu chochote kilichoungua, kilichovunjika au kilichogoma kubadilika rangi kilipelekwa kwake. Alikuwa mtu wa mjini, wa zile familia za Kiislamu zilizokaa Tabora tangu enzi za misafara, mrefu, mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa karatasi, na kofia aliyoivua mlangoni mwa stoo ya kemikali na kuivaa tena akitoka. Kwake jengo lile halikuwa la serikali. Baba yake alikuwa seremala aliyetengeneza mbao za kumwagia zege lilipojengwa, na katika wiki yetu ya kwanza alitupeleka chini kwenye nguzo, akamshika Nyamizi kidole na kukipitisha juu ya zege. "Unasikia nini?" Nyamizi alisema anasikia mistari. "Huo ni mninga," alisema Fundi. "Mbao zilitolewa siku nyingi, lakini zege lilikuwa bichi, likashika sura yake. Hapa kuna kifundo cha tawi, kione. Mchoraji wa jengo alikuwa mzungu mmoja mpole. Alimwambia baba, usiisawazishe, acha mti uonekane. Baba alidhani anatania." Tangu siku hiyo sikuweza kuliona jengo lile kuwa tupu. Kila nguzo ilikuwa na nyuzi za mti, na hata sasa nikifumba macho naweza kuzipitia kwa kidole.

Ni siku hiyohiyo alipotuonyesha matundu. Alituambia kwamba mchoraji yule alikaa Tabora mwaka mzima kabla ya kuchora mstari mmoja, akipima upepo kwa utepe uliofungwa kwenye mti. Matundu ya juu, karibu na dari, yalitoa joto. Ya katikati yaliingiza hewa. Ya chini kabisa, yaliyokuwa usawa wa vifundo vya miguu, hayakuwepo katika michoro ya vyumba vya kawaida. Yaliwekwa maabara na stoo peke yake. "Gesi mbaya nyingi ni nzito kuliko hewa," alisema Fundi. "Haipandi. Inashuka, inalala sakafuni kama maji, inakungoja uiname. Sasa ikishuka hapa, inaikuta njia." Akachuchumaa, akaweka kiganja mbele ya tundu. "Njooni. Wekeni mikono." Tuliweka mikono, na kweli, upepo ulipita kati ya vidole vyetu.

Jumapili nyingi tulikula kwake. Nyumba ilikuwa ya udongo uliopakwa chokaa, katika mtaa wa zamani, yenye ukumbi mrefu wa giza uliotokea uani, na huko uani ndiko maisha yalikokuwa. Mkewe, Bi Zuhura, alitupikia wali na kisamvu kilichoungwa kwa karanga, na samaki wakavu, migebuka, walioletwa na treni ya Kigoma, akaweka na kibakuli cha asali pembeni kwa ajili ya Nyamizi, ambaye aliila kwa kidole alipodhani hatazamwi. Sisi tulileta matobolwa kutoka nyumbani, viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, na Bi Zuhura aliyapokea kwa mikono miwili kama tende za Makka. Nakumbuka mazungumzo yao yaliyotoka jikoni tulipokuwa tumekaa mkekani. "Leo anavuja ghorofa ya tatu," alisema Fundi. "Nani?" aliuliza Bi Zuhura. "Mke mwenzio." "Mwambie ajitibu mwenyewe, leo ni zamu yangu." Tulicheka mpaka Nyamizi akapaliwa. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa na sikuwa nimewahi kuona mume na mke wanaozungumza hivyo.

Kipupwe kilipoingia, Chekeche lilitugeukia. Tabora mwezi wa saba si baridi ya kuua, lakini upepo wa mashariki ulipiga mchana kutwa, ukaingia na vumbi jekundu lililokaa juu ya daftari, ndani ya mirija ya vipimo, kwenye meno. Kilichotuchosha zaidi ni miguu. Wengi tulivaa kandambili, na tuliposimama masaa matatu kwenye majaribio, upepo wa matundu ya chini ulitugandisha vifundo. Wanafunzi wakaanza kukohoa. Darasa lilinichagua mimi niandike barua kwa Mkuu wa Chuo, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri na kwa sababu nilikuwa kiongozi wa darasa. Niliiandika kwa moyo wote. Niliomba matundu yote ya ukuta wa mashariki, "hususan yale ya chini yasiyo na faida yoyote," yazibwe kwa ajili ya afya zetu. Nilijua faida yake. Niliweka mkono wangu pale. Nilipompelekea Nyamizi asaini alisoma mstari ule mara mbili, akanitazama. "We Kabula, si Fundi alituambia?" Nikamwambia wakubwa wataamua wenyewe, wao ndio wenye wataalamu. Akacheka, akasaini. Alikuwa na kikohozi kama wengine.

Siku chache baadaye nilikuwa kwenye varanda ya ghorofa ya kwanza, nangoja maji niliyoyachuja yapoe, nikasikia sauti kupitia ukuta. Kwa matundu yale hapakuwa na siri kati ya stoo na varanda. Aliyekuwa anazungumza ni Fundi, na aliyemjibu ni Mkuu wa Chuo.

"Mkuu, zibeni ya juu, zibeni ya katikati, sitasema neno. Haya ya chini si urembo."

"Fundi, nina barua ya wanafunzi hamsini. Kuna wageni wanakuja kukagua, wanakuta watoto wanakohoa. Niwajibu nini, kwamba baba yako alitaka hivyo?"

"Baba yangu alikuwa seremala tu. Ninasema habari ya bromini. Ile chupa ikipata joto la mwezi wa kumi, kizibo hakitaihimili, na ikitoka haina pa kwenda. Kama lazima kuziba, basi nipeni kile kibanda cha nje niihamishie."

"Kibanda kina saruji."

"Basi niandike, Mkuu, iwe kwenye faili."

"Huna haja ya kuandika," alisema Mkuu, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Nimekusikia. Kibanda kitatolewa saruji, utahamisha."

Fundi alitoka akanikuta. Hakukasirika. Aliuliza tu, "Umesikia, mwanangu?" Nikamjibu, "Nimesikia, Fundi." Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeweka kitu mahali salama, akashuka ngazi.

Waashi walikuja wiki iliyofuata. Waliziba kwa matofali ya kuchoma na saruji, kazi safi, na ndani ya siku nne upepo ulikatika. Tuliwapigia makofi. Maabara ilikuwa na joto jipya, la kupendeza, na vumbi likaisha. Fundi Idrisa alienda kwenye kibanda kila Jumatatu kuuliza, na kila Jumatatu saruji ilikuwepo. Najua kwa sababu nilimwona akirudi.

Mwezi wa kumi ulifika na joto lake. Ninyi mnaoijua Tabora mnajua siku zile kabla ya mvua, mawingu yanapojikusanya kisha yakaondoka na mbwa hulala chini wameachama. Ukuta mzima wa magharibi ulihifadhi joto, na hewa iliyolitoa miaka yote haikuwa na mlango tena. Ilikuwa saa nane mchana, tuko kwenye majaribio. Mwalimu alihitaji mirija zaidi, na zamu ya kuingia stoo siku ile ilikuwa yangu. Nilikuwa nasoma kipimo, sikutaka kukiacha. Nikamwambia Nyamizi, "Nisaidie, shoga," akachukua ufunguo.

Mirija ilikaa rafu ya chini. Alifungua mlango na, kwa maelezo aliyonipa yeye mwenyewe baadaye, hakuona kitu; aliona sakafu imekuwa na rangi ya kahawia, akadhani ni kivuli. Akainama. Tulisikia kitu kikianguka, kisha kikohozi ambacho si cha binadamu. Harufu ilitufikia, kali, ya kuchoma macho, na kila mtu akakimbilia ngazi. Mimi pia nilikimbia. Nasema hivi kwa sababu nimeshasimulia mara nyingi kwamba nilibaki, na si kweli. Nilikuwa katikati ya ngazi nilipompisha Fundi Idrisa anapanda. Aliloweka kofia yake kwenye bomba la varanda, akaifunga usoni, akaingia. Alitoka amembeba Nyamizi begani, kichwa cha Nyamizi kikiwa juu, na yeye mwenyewe macho yamefumba, anatafuta ukuta kwa mkono. Alimlaza kwenye upepo chini ya nguzo, akammwagia maji usoni, akawa anamwita, "Nyamizi, mwanangu, vuta. Vuta kidogo. Kidogo tu." Alipovuta, Fundi alianguka pembeni yake akaanza kutapika.

Nyamizi alilala hospitali wiki saba. Koo liliungua, na mapafu. Siku niliyoruhusiwa kumwona hakuweza kusema, alichukua kalamu akaniandikia kwenye daftari, "Mirija ilivunjika?" Nilimwambia haikuvunjika hata mmoja. Akafumba macho kama aliyepata nafuu.

Watu watatu walitumwa kutoka makao makuu kuchunguza. Siku moja kabla hawajaanza, Mkuu wa Chuo aliniita ofisini. Nimejaribu kwa miaka mingi kumfanya awe shetani katika kumbukumbu yangu, nimeshindwa. Alinimiminia chai mwenyewe. Aliniuliza hali ya Nyamizi. Kisha akasema, "Kabula, kuna nafasi moja ya chuo kikuu Dar es Salaam kwa chuo chetu mwaka huu. Ilikuwa ya Nyamizi. Daktari amesema hataweza tena kufanya kazi ya maabara. Nimepeleka jina lako." Akaongeza, bila kunitazama, "Kesho wakikuuliza, sema unachokijua. Wewe ni binti mwenye akili." Hakunitisha. Hakuniambia niseme uongo. Nilikunywa chai yote, nikasema asante.

Tulihojiwa katika ukumbi wa mihadhara, ule wenye viti vilivyopanda kama ngazi, wachunguzi wakiwa wamekaa chini kabisa na sisi mashahidi tukishuka kwao mmoja mmoja. Chumba kile kilijengwa ili mtu akizungumza chini asikike juu bila kupaza sauti. Neno moja halikupotea. Mkuu alisema hakuwahi kuonywa. Fundi Idrisa, kifua bado kinalia, alisema alionya kwa mdomo. "Kuna shahidi?" aliulizwa. "Yupo. Alikuwa varandani. Kabula." Nilishuka zile ngazi. Mchunguzi mmoja, mama mwenye miwani, aliniuliza kwa upole kama nilimsikia Fundi akimwambia Mkuu habari ya matundu au chupa. Nilimwona Fundi ameketi, mikono juu ya magoti, ananitazama bila wasiwasi wowote, kama anayesubiri jibu la hesabu aliyokwisha kuifanya. Nikasema, "Sikusikia kitu."

Sikumtazama tena, lakini nilisikia kiti chake kikilia. Hakusema, anadanganya.

Walimwandika kuwa mzembe kwa kuacha kemikali ya hatari mahali pasipo na hewa, akaachishwa kazi. Wiki ileile waashi walewale waliitwa, wakayafungua matundu ya chini kwa patasi na nyundo, kimya kimya, wakati sisi tuko darasani. Vipande vya matofali vilirundikwa chini ya nguzo, na hakuna aliyeuliza kwa nini kinachofunguliwa leo hakikuwa na kosa jana. Nyamizi alipotoka hospitali baba yake alikuja kumchukua. Alirudi Ziba, akajifunza cherehani, na sare za nusu ya shule za kule zimeshonwa na mikono yake, mikono iliyokuwa ikishika bureti bila kutetemeka.

Kabla sijaondoka kwenda Dar es Salaam nilikwenda nyumbani kwa Fundi Idrisa. Bi Zuhura alinipokea kama Jumapili yoyote, akaniandalia, na nilijua kwa namna alivyonisukumia sahani kwamba hajui. Fundi alikuwa kule mwisho wa uani, ametoa randa za baba yake kwenye sanduku, anazinoa. Nilisimama mbele yake nikasema nilichokwenda kusema. Nililia. Aliniacha nilie, akaendelea kunoa, akikohoa katikati.

"Nimekusamehe," alisema mwishowe. "Nilikusamehe palepale ukumbini, kwa sababu nilikuona unavyotetemeka. Lakini kazi yangu sijarudishiwa, Kabula, na msamaha hauirudishi. Chukua yote mawili, usichukue moja ukaacha jingine."

"Nirudi kwao niseme?"

"Hilo usiniulize mimi. Mimi si mwenye ulimi wako." Kisha akamwita mkewe anipakie asali ya kwenda nayo Dar.

Sikurudi kusema. Nilisoma, nikawa mwalimu wa kemia, nikafundisha sekondari za Nzega na Igunga mpaka nikastaafu. Nyamizi nilimtafuta nikampata. Tumekuwa marafiki maisha yote, tumezikiana wazazi, tumeleleana watoto. Kila mara aliposhangaa kwa nini Fundi alifukuzwa, niliitikia tu.

Kwenye arobaini tuliketi uani, wanawake mkekani, wanaume nje barazani chini ya turubai, na kipaza sauti kikituletea maneno yao. Uani pale sikupatambua upesi. Wameweka sakafu ya saruji na jiko la gesi. Nyamizi alikaa bega kwa bega nami. Bi Zuhura, ambaye sasa haoni vizuri, alituketisha karibu yake na kutupapasa nyuso. Baada ya hitma, mwakilishi wa chuo, mhadhiri kijana mwenye suti, aliombwa atoe rambirambi. Alizungumza vizuri. Alisema jengo la zamani bado linatumika kuliko jipya la vioo, kwa kuwa umeme ukikatika jipya halikaliki. Kisha akasoma karatasi kutoka kwenye faili: "Marehemu alitutumikia kwa uaminifu hadi alipoacha kazi kwa hiari yake, kutokana na maradhi ya kifua."

Nilimsikia Nyamizi akiguna. Nami nikajikuta nimesimama. Nilipita ule ukumbi mrefu wa giza, nikatokea barazani mbele ya wanaume, nikasema, "Shikamooni wazee. Samahanini." Mtoto mkubwa wa Fundi aliona uso wangu, akamwambia yule mhadhiri anipishe. Sikuwa na maneno mengi. Nilisema hakuacha kazi kwa hiari, aliachishwa. Nilisema alionya, kwa mdomo, mwezi wa saba, na kwamba kulikuwa na msichana varandani aliyesikia neno kwa neno, na alipoulizwa alisema hakusikia. "Msichana yule ni mimi," nilisema. "Nilipewa nafasi ya chuo kikuu iliyokuwa ya mwenzangu. Naomba faili lenu liandikwe upya." Kipaza sauti kilikuwa wazi. Uani walisikia yote.

Niliporudi ndani wanawake walinipisha njia. Bi Zuhura alikuwa amegeuza kichwa upande nilikotoka. "Idrisa aliniambia varandani siku ile hakukuwa na mtu," alisema. "Miaka yote hii. Nilimuuliza mara ngapi, akasema hakukuwa na mtu." Akapapasa mkeka akitafuta mahali pangu, akapagonga kwa kiganja. "Keti. Tumekusikia." Lakini mahali pa pembeni yangu palikuwa wazi. Nyamizi alikuwa amechukua mkoba wake na kutoka kwa mlango wa nyuma.

Nilimfuata. Alikuwa mbele, anakwenda upesi kwa mtu wa kifua chake, mtandio umemwangukia mabegani, haangalii nyuma. Nilimwita mara moja tu. Njia ile ina mwinuko mdogo kabla ya barabara kubwa, kitu ambacho mtu mwenye afya hakioni; yeye alifika katikati yake akashindwa. Alisimama, mkono mmoja ukutani mwa nyumba ya watu, mgongo unapanda na kushuka, na ule mluzi wa kifuani mwake niliusikia kutoka mbali. Nilipomfikia nilinyoosha mkono nimshike, kama ninavyomshika siku zote.

"Usiniguse," alisema. "Ngoja kwanza nipumue."

Nikarudisha mkono wangu, nikasimama hatua moja nyuma yake, nikangoja.